KAYAKI AU MTUMBWI? Somo la Kuchagua Chombo cha Kwanza cha Maji ya Kasi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita niliporudi shuleni nikichechemea, wenzangu wa bwenini waliniuliza maswali mengi. Wachache walitaka kujua nilivyoumia goti. Wengi walitaka kujua jambo moja tu: mtu akitaka kununua chombo chake cha kwanza cha kushukia maji ya kasi, chombo cha mtu mmoja, achague kayaki au mtumbwi? Mhariri wa gazeti letu aliyasikia mabishano hayo, akaniambia niyaandike niliyojifunza ili yawafae na wale wa mabweni mengine. Basi nayaandika. Sijidai kuwa fundi. Nimeushuka mto kwa miaka miwili tu, wakati wa likizo, chini ya macho ya mjomba wangu ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni katika Mto Tana, upande wa Sagana. Lakini kosa nililolifanya ni langu mwenyewe, na kosa ni mwalimu mzuri, hasa likiwa limefanywa na mwenzako.

VYOMBO VIWILI

Yafaa kwanza tuvijue vyombo vyenyewe. Kayaki asili yake ni kwa Wainuit, watu wa nchi za barafu za Greenland na kaskazini kabisa mwa Amerika. Waliiunda kwa miti iliyoletwa pwani na mawimbi, au kwa mifupa, wakaifunika yote kwa ngozi za wanyama wa baharini, wakaacha tundu moja tu la kukalia. Maji ya huko ni ya baridi ya kuua. Kwa hiyo mwindaji aliyepinduka hakutoka chomboni akaogelea, bali alijiinua kwa kafi lake akiwa amekaa palepale. Ustadi huo wa kujiinua ndio unaofundishwa hata leo kwa kila mwenye kayaki.

Mtumbwi ninaousema hapa si ule wa gogo tunaouona pwani na katika maziwa yetu. Ule ni mzito, na ukijaa maji katikati ya mawe huwezi kuumwaga upesi. Nasema mtumbwi wa aina ya wenyeji wa misitu ya Kanada, ambao waliufunika kwa magome ya miti ili uwe mwepesi, mtu aweze kuubeba begani kutoka mto mmoja hadi mwingine.

Mwaka 1907 Johann Klepper, fundi wa kushona nguo katika mji wa Rosenheim, Ujerumani, alianza kutengeneza kayaki za kukunja, za mbao na turubai. Baadaye zilikuja za nyuzi za kioo. Tangu miaka ya 1970 plastiki ngumu imeenea mitoni, kwa sababu ikigonga jiwe hubonyea, wala haivunjiki upesi. Vyombo vyote viwili hushindaniwa katika Michezo ya Olimpiki. Mashindano ya maji ya kasi yaliingizwa mara ya kwanza mwaka 1972, yakafanyika mjini Augsburg, kisha yakarudi mwaka 1992. Wanawake walishindana kwa mtumbwi mara ya kwanza katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021.

Tofauti zake ni hizi. Katika kayaki unakaa kitako, miguu imenyoshwa mbele. Kafi lako lina bapa mbili, moja kila upande. Na tundu la kukalia huzibwa kwa sketi ya mpira unayoivaa kiunoni, ili maji yasiingie. Katika mtumbwi unapiga magoti. Kafi lina bapa moja tu. Na juu ni wazi. Iko mitumbwi iliyofunikwa pia, hasa ya mashindano, lakini anayeanza mara nyingi ataukuta ule ulio wazi.

Tena nataka neno hili lieleweke mapema. Chombo cha mtu mmoja maana yake si kwenda mtoni peke yako. Mjomba husema mtu asishuke maji ya kasi bila wenzake wawili, kila mmoja katika chombo chake. Mmoja akipatwa na shida, wa pili amsaidie, na wa tatu akimbilie msaada.

MADARAJA YA MAJI

Maji ya kasi hupangwa kwa madaraja 6. Daraja la 1 ni maji yaendayo mbio kidogo, yenye viwimbi. La 2 lina mawimbi madogo na njia iliyo wazi. La 3 lina mawimbi yasiyo na mpango, yanayoweza kuujaza mtumbwi ulio wazi, na njia inayotaka chombo kigeuzwe upesi. La 4 lina nguvu nyingi, na huwataka wenye ustadi. La 5 ni la hatari hata kwa mafundi, na la 6 karibu halipitiki. Chombo cha kwanza ni cha daraja la 1 na la 2, na baadaye la 3. Mtu asinunue chombo kwa ajili ya daraja la 5 wakati hajui kuvuka daraja la 1.

Jambo jingine la kujua ni kwamba nyuma ya kila jiwe kubwa maji hutulia, au hata hurudi kuelekea juu ya mto. Mjomba hupaita mahali hapo "kituo". Anayeushuka mto hatelemki moja kwa moja kama gogo. Hutoka kituo hiki akaingia kile, apumzike na kutazama mbele. Hatari kubwa ya mwanafunzi iko pale anapotoka kwenye kituo na kuingia katika mkondo, maana omo ya chombo hushikwa na maji yaendayo chini wakati tezi bado imo katika maji yaendayo juu.

KOSA LANGU

Hapo ndipo nilipoumia. Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua za masika zimeanza na mto umejaa. Kijana mmoja hodari, ambaye watu husimama darajani kumpigia makofi, alikubali kuniazima kayaki yake. Ilikuwa nyekundu, fupi, kama mita 1.8 hivi, bapa chini kama sinia, kingo zake kali, na ncha zake nyembamba kama ulimi. Nilipoijaribu katika maji matulivu ilikaa imara kama kigoda. Kayaki kuukuu ya mjomba, ndefu na ya mviringo chini, ilikuwa ikiyumbayumba kila nilipoikalia. Nikaicheka. Nikasema hii nyekundu ndiyo chombo, ile nyingine ni pipa.

Nilitoka kituoni nikaingia katika mkondo. Ule ukingo mkali wa upande wa juu ya mto ulikamatwa na maji, na kabla sijasema "Mama!" nilikuwa nimepinduka, kichwa chini. Nikatafuta kitanzi cha kuvulia sketi, nisikione. Kwa haraka yangu ya kuonekana na watu nilikuwa nimekifungia ndani. Mjomba asema sikukaa chini zaidi ya sekunde 15. Mimi naona nilikaa muhula mzima. Mwishowe nilikunja ubavu wa sketi kwa ngumi, nikauvuta hadi ukaachia, nikatoka. Goti likagonga jiwe. Kafi lilikwenda na maji.

Nyumbani Mama hakupiga kelele. Alikiosha kidonda akakifunga, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikukuzaa uje kuwa chakula cha samaki. Habari za mto huo zimekwisha." Nilikuwa na shilingi 30,000 nilizoweka kwa miaka 3 kwa kuuza sungura na kuchuma kahawa, ili ninunue chombo. Usiku ule niliona fedha hizo hazina kazi tena.

Mjomba alikuja asubuhi. Hakunitetea. Alimwambia Mama, "Dada, una haki. Lakini mtoto huyu hakuponzwa na mto. Alisafiria nyota ya mwenziwe. Nipe ruhusa nimfundishe kuchagua, halafu wewe ndiwe utakayeamua." Mama alinyamaza muda, kisha akasema atatazama.

HESABU YA KUELEA

Mjomba alianza somo kwa kalamu na karatasi. Sisi wa Kidato cha Nne tumeifundishwa kanuni ya Archimedes: kitu kieleacho husukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Mimi nina kilo 55. Kayaki tufanye kilo 20. Helmeti, jaketi na vitu vingine tufanye kilo 5. Jumla ni kilo 80, basi chombo kitasukuma lita 80 za maji.

Kayaki ya mjomba ina ujazo wa lita 250. Ukitoa 80, zinabaki lita 170. Hiyo ndiyo akiba ya kuelea, inayokurudisha juu wimbi linapokufunika. Ile nyekundu ilikuwa na lita 190 hivi. Ukitoa 80, zinabaki 110, na hizo karibu zote zimekusanyika katikati, kwa sababu ncha zake ni nyembamba. Chombo kama hicho kimeundwa hivyo makusudi, ili fundi aweze kuzizamisha ncha na kucheza juu ya wimbi. Kwa fundi huo ni mchezo. Kwa mwanafunzi ni kuzamishwa bila kutaka.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa mjomba, ambaye ana kilo 90. Jumla yake ni kilo 115. Katika ile ya lita 250 anabaki na akiba ya 135. Katika ile ya 190 anabaki na 75 tu. Hivyo chombo kimoja ni kikubwa kwa mtu huyu na kidogo kwa yule. Wala usidhani kwamba kikubwa zaidi ni bora siku zote. Mvulana wa Kidato cha Kwanza mwenye kilo 40 akipewa kayaki ya lita 320 ataelea juu mno kama jani, upepo umchezee, asiweze kuilaza ubavu wala kuigeuza. Kwa hiyo usiulize "kayaki gani ni nzuri?" Uliza "kayaki gani yanifaa mimi kwa uzito wangu?"

UMBO LA CHOMBO

Baada ya hesabu tulikwenda kutazama umbo. Mambo ni manne.

La kwanza ni urefu. Kayaki ya kuchezea mawimbi huwa na mita 1.7 hadi 2 hivi. Ya kushukia mto huwa na mita 2.4 hadi 2.8. Ndefu huenda kwa kasi zaidi na hushika njia. Fupi hugeuka upesi lakini huenda pole pole. Mwanafunzi ahitaji kasi kidogo ili avuke mkondo kabla haujamchukua.

La pili ni mpindo wa omo na tezi kwenda juu. Chombo kilichopindwa hivyo hupanda juu ya wimbi, na hugeuka kwa urahisi. Kilichonyooka hutoboa wimbi.

La tatu ni chini ya chombo, na hapa ndipo nilipodanganyika. Chombo kilicho bapa chini hukaa imara katika maji matulivu. Kilicho mviringo huyumba, lakini kuyumba kwake ni kwa pole pole, na hukupa nafasi ya kujirudisha. Kile bapa hukaa kimya, kikikaa kimya, halafu hupinduka mara moja. Wazee wa pwani walisema: Heri mrama kuliko kuzama. Naliandika neno hilo katika daftari langu la fizikia.

La nne ni kingo. Kingo kali humsaidia fundi kukata maji, lakini humkamata asiyejua kulaza chombo upande unaofaa. Kanuni ni hii: unapotoka kituoni ukaingia katika mkondo, jilaze kuelekea chini ya mto, ili maji yapite chini ya chombo chako yasipande juu yake. Kingo za mviringo husamehe ukisahau kanuni hiyo. Na chombo cha kwanza kazi yake kubwa ni hiyo, kusamehe.

KAYAKI, AU MTUMBWI?

Sasa turudi katika swali la bwenini. Siwezi kusema kimoja ni bora kuliko kingine. Naweza kusema kila kimoja chataka nini.

Kayaki hujifunzwa upesi zaidi mwanzoni. Kafi la bapa mbili hukupa msaada kulia na kushoto. Maji hayaingii, na ukijua kujiinua huna haja ya kutoka. Lakini umefungwa ndani kiunoni, na wengine huogopa jambo hilo. Pia unakaa chini, huoni mbali.

Katika mtumbwi unapiga magoti, kwa hiyo unaona mbele vizuri, na ukipinduka unatoka kwa wepesi zaidi. Unaweza kubeba mizigo ya siku kadhaa. Lakini bapa moja lataka ufundi wa kuongoza mtumbwi uende moja kwa moja, na hilo huchukua muda mrefu kujifunza. Tena maji yakiingia ni uzito: kila lita ni kilo 1. Mtumbwi uliobeba lita 200 za maji una mzigo wa kilo 200 usiotulia. Ndiyo maana mtumbwi wa maji ya kasi lazima uwe na mifuko ya hewa omoni na tezini, ili nafasi ya maji kuingia iwe ndogo. Usinunue mtumbwi usio na mifuko hiyo.

Mwenzangu mmoja wa bwenini, aliyezaliwa karibu na Ziwa Viktoria, alikuja kwetu likizo ya Agosti, tukavijaribu vyote viwili mahali pa maji matulivu. Yeye amelishika kafi la bapa moja tangu utotoni akimsaidia babu yake kuvua. Aliingia mtumbwini akaenda moja kwa moja kama mshale, nami nilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Tena goti langu lilikuwa halijapona vizuri, na baada ya dakika 10 za kupiga magoti sikuweza kuvumilia. Kwake mtumbwi ulikuwa jibu sawa. Kwangu ilikuwa kayaki. Mto ni uleule na mwalimu ni yuleyule, ila miili yetu na mikono yetu ilikuwa imejifunza mambo mbalimbali.

MTO WAKO NI UPI?

Mjomba aliwahi kufanya kazi Jinja, Uganda, ambapo Mto Nile hutoka katika Ziwa Viktoria. Huko maji ni mengi na ya kina, na mawimbi ni makubwa sana. Mtu akipinduka mara nyingi hana mawe karibu na kichwa chake, lakini wimbi humshika kwa nguvu. Mto wetu wa Sagana ni mdogo na una mawe mengi, hasa wakati wa kiangazi. Kwenye mawe mengi chombo cha mviringo chenye ncha nene ndicho kifaacho, kwa sababu ncha nyembamba huweza kujichomeka kati ya mawe na kukwama.

Mto nao hubadilika. Bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilizinduliwa mwaka 2012, na lile la Isimba, la megawati 183, mwaka 2019. Yote mawili yalifunika sehemu ya maporomoko yaliyokuwa yakishukwa na wenye kayaki. Sisemi mabwawa yasijengwe, maana hata sisi twasoma usiku kwa umeme. Nasema kwamba mtu akinunua chombo kwa ajili ya wimbi moja tu, siku moja anaweza kulikuta wimbi lenyewe liko chini ya bwawa. Chombo cha kwanza kiwe cha mito mingi.

Tena uwaulize wenyeji wa kando ya mto habari za mamba na viboko. Hendri Coetzee wa Afrika Kusini aliongoza safari ya kuushuka Mto Nile hadi Bahari ya Mediterania mwaka 2004. Mwezi wa Desemba 2010 alikamatwa na mamba akiwa katika kayaki yake kwenye Mto Lukuga, mashariki ya Kongo, asionekane tena. Alikuwa bingwa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, wala hujui wakazi wake.

KUKAGUA CHOMBO KILICHOTUMIKA

Wengi wetu hatuwezi kununua kipya. Basi ukipata kilichotumika, kagua hivi:

1. Kipindue, utazame chini ya kiti na chini ya tezi, mahali pasuguliwapo na mawe. Mikwaruzo si kitu. Ufa ni kitu. Plastiki hii ikipasuka ni shida kuiziba ikashika kweli.

2. Uliza kilikuwa kikiwekwa wapi. Plastiki iliyoachwa juani miaka mingi hupauka na kuwa kavu, ikavunjika badala ya kubonyea. Kilichowekwa kivulini ni bora, hata kama ni cha zamani.

3. Tazama ndani ya kayaki kama nguzo ya sponji ngumu iko mahali pake, mbele katikati. Hiyo huzuia kifuniko cha juu kisibonyee na kuishika miguu yako. Wengine huitoa ili wapate nafasi. Usikubali.

4. Vuta kwa nguvu vishikio vya omo na tezi. Ndivyo utakavyookolewa navyo.

5. Kalia ndani. Nyayo, magoti na nyonga ziguse chombo, ili kikufuate unapojilaza. Lakini ukitaka kutoka, utoke bila kushikwa popote.

6. Weka akiba ya fedha. Chombo bila jaketi la kuelea, helmeti, sketi na kafi hakifai kuingia majini. Mtu asitumie fedha zote katika rangi ya chombo, akaenda bila helmeti.

MAMA AJA MTONI

Likizo ya Agosti palikuwa na kayaki mbili za kuuzwa. Moja ilikuwa fupi, ya kung'aa, sawa na ile iliyoniumiza. Ya pili ilikuwa ya mita 2.6, lita 250, mviringo chini, rangi yake imepauka kidogo, mikwaruzo tele, bila ufa. Bei hazikupishana sana. Nasema kweli, moyo wangu ulikwenda kwenye ile ya kung'aa, kwa maana niliwaza watu wa darajani. Lakini nilikuwa na ile karatasi ya hesabu mfukoni.

Mama alikuja mtoni mwenyewe, leso begani, akasimama ukingoni pa maji matulivu. Alisema hatatoa ruhusa kwa maneno. Alitaka anione nikipinduka na kutoka. Nilivaa sketi, nikamwonyesha mjomba kitanzi kiko nje. Nikapinduka. Chini ya maji nilipiga viganja mara tatu juu ya ubavu wa kayaki, kama nilivyofundishwa, kuonyesha kwamba sina hofu. Kisha nikavuta kitanzi, nikatoka. Nilipofuta macho nilimwona Mama ameushika mkono wa mjomba kwa nguvu sana. Akasema, "Tena." Nikarudia. Akasema, "Tena." Mara ya tatu alikuwa ameuachia mkono.

Kisha aliinama akakitazama kile kitanzi kwa karibu, akakivuta kwa mkono wake. Akauliza, "Ndicho hiki ulichokifungia ndani siku ile?" Nikajibu, "Ndicho, Mama." Akasema, "Basi kila siku utakayokwenda mtoni, utapita kwangu kwanza unionyeshe kwamba kiko nje." Tuliinunua ile kuukuu siku hiyohiyo. Fedha iliyobaki ilinunua helmeti, na mjomba akanipa jaketi.

Wenzangu wa kijijini wameiita kayaki yangu "Bibi", kwa uzee wake na kwa kuyumba kwake. Sikasiriki. Siku ya mwisho ya likizo tulishuka pamoja maji ya daraja la 2, mjomba mbele, mwenzangu mtumbwini nyuma. Nilipotoka katika kituo kilekile cha Aprili nilisahau kujilaza. Bibi akayumba, akayumba tena, akanisamehe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Una kilo 62, kayaki ina kilo 19, vifaa vyako vina kilo 6. Katika kayaki ya lita 240, akiba ya kuelea ni lita ngapi?

2. Kwa nini chombo kilicho bapa chini huweza kumdanganya anayekijaribu katika maji matulivu?

3. Mtumbwi ulio wazi umeingiwa na lita 150 za maji. Umeongezeka mzigo wa kilo ngapi? Mifuko ya hewa ingesaidiaje?

4. Kitanzi cha sketi kinapasa kuwa wapi? (Swali hili Mama ameomba liwekwe.)